Doa la Shahidi

Aliyeniambia habari hii kwanza ni wifi yangu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Cherehani kwa sababu mdomo wake haupumziki. Siku aliyoniambia hakupaza sauti. Alininong'oneza, mkono mmoja umeshika ukuta, kama mtu anayeogopa kuanguka. Na alikuwa amechelewa. Alichelewa siku tatu… au mwezi mzima, ukipenda kusema kweli.

Lakini nianze na jioni ile gari lilipokuja.

Nilikuwa nimetoka dukani kununua sabuni ya maji na sifongo mpya. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la gereji. Sisi tulikuwa tunaishi hapohapo kazini: mbele uwanja wa kupulizia magari rangi, nyuma vyumba viwili na jiko. Mume wangu ni fundi rangi. Yeye anapuliza, mimi natoa madoa. Kazi hiyo alinifundisha mwenyewe nilipokuwa na mimba, wakati harufu ya rangi ilinifanya nitapike na nikachoka kukaa bure.

Mtoto wetu tulimwita Kidoti. Alizaliwa na alama ndogo za kahawia mgongoni, nyingi, kama mtu aliyerushiwa matone ya chai. Mkunga alipomgeuza alicheka, akasema, "Huyu hapotei sokoni." Alama tatu zilikuwa chini ya bega la kushoto, zimekaa kama mafiga. Nyingine zilishuka na uti wa mgongo. Na moja ilikuwa nyuma ya sikio la kulia, kwenye mkunjo, ndogo kama mbegu ya mchicha. Hiyo sidhani kama mtu mwingine aliwahi kuiona. Ni mimi niliyekuwa namwogesha.

Basi niliporudi na sabuni yangu, gari lilikuwa limesimama katikati ya uwanja.

Jeupe. Limetulia. Sikulisikia likiingia, na duka lenyewe liko mbele ya geti.

Mume wangu alisimama na mwanamume mrefu aliyevaa suti ya kijivu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja wetu ulikuwa tope tupu. Viatu vya yule mtu vilikuwa vinang'aa. Hata tone la tope halikuwepo.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye," mume wangu akajibu.

Mimi ni mtu wa haya. Niliinamisha kichwa, nikasalimia, nikatazama gari badala ya kutazama watu.

Lilikuwa limejaa vidoa vya kutu. Boneti, paa, milango, buti. Mtu asiye fundi akiona hivyo anadhani bati linaoza. Mara nyingi siyo. Jirani yetu anachomelea mageti, na mashine yake ya kukatia chuma inarusha vumbi. Vumbi hilo likitua kwenye rangi na umande ukaliloweka, linashika kutu pale juu, lakini bati chini ni zima. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kupitisha ukucha. Ukikwama, doa limekaa juu, litatoka. Ukizama, doa limetoka ndani, na hilo sio la kwangu, ni la fundi wa bati.

Nilipitisha ukucha.

Haukukwama. Haukuzama.

Palikuwa laini, kama doa ni rangi yenyewe. Nikaweka kiganja chote. Rangi ilikuwa na joto, na jua lilikuwa halipo.

"Lilikaa juani leo, mzee?"

"Halijawahi kukaa juani." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. "Nataka doa litoke, rangi ibaki. Isikwaruzwe, mama. Hata mstari wa unywele."

"Sawa."

"Na mkono mwingine usiguse. Wako tu."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakohoa, kitambaa mdomoni. Kikohozi hicho kilikuwa na mwaka sasa. Miaka ya kupuliza rangi bila kuziba pua. Daktari alikuwa ametuambia mapafu yamechoka, akaangalia dirishani badala ya kutuangalia sisi. Kila kitambaa nilichofua kilikuwa na damu.

Yule mtu alikitazama kile kitambaa kama mtu anayetazama saa.

"Siku tatu," akasema. "Jioni ya tatu ninakuja."

Akaondoka kwa miguu. Nilisubiri kusikia geti likilia, maana geti letu likifunguliwa linalia mpaka mtaa wa pili.

Halikulia.

* * *

Kazi hii haifanywi juani. Rangi ikiwa moto, sabuni inakauka na kuacha alama. Kwa hiyo siku ya kwanza nilianza alasiri, kivuli cha ukuta kilipofika kwenye gari. Kidoti nilimweka kwenye mkeka mlangoni na vifuniko vyake vya chupa.

Niliosha kwa maji mengi kwanza. Chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa, umeshaharibu. Halafu nikatafuta shahidi.

Shahidi ndiyo desturi ya gereji yetu. Kabla hujagusa lolote, unachagua doa moja mahali pasipoonekana, unalibandika tepe ya karatasi, na hulifuti mpaka mwenye gari aje aridhike. Akisema umemuunguzia rangi, unabandua tepe na kumwonyesha gari lake lilivyokuja. Mume wangu ndiye aliyenifundisha hivyo. Yeye siku zote shahidi wake huwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Hata mimi huwa naweka hapohapo. Nilikuta kidoa kimoja, nikakibandika.

Kisha nikachukua udongo wangu. Sio udongo wa shambani, ni ule laini wa mafundi rangi, unakandwa kama unga mpaka uwe bapa. Unalowesha rangi kwa maji ya sabuni, unautelezesha polepole, bila kukandamiza. Mkono uende wenyewe. Udongo unakwaruza kidogo… krr… krr… halafu ghafla unakuwa kimya. Ukiwa kimya, doa limetoka.

Madoa yale hayakukwaruza. Yalitoka kimya tangu mwanzo.

Kwenye boneti, upande wa kushoto, nilikuta matatu yamekaa kama mafiga. Nilicheka peke yangu.

"Baba Kidoti, njoo uone! Kama mgongo wa mwanao."

Alikuwa anachanganya rangi kwenye kopo. Hakucheka. Hakuja.

"Fanya kazi, Mama Kidoti. Giza linaingia."

Nikayafuta yale matatu. Nilipokuwa kwenye la mwisho, kitambaa kilishika chembe ya mchanga. Nilihisi mkononi. Mstari mwembamba ukabaki kwenye rangi, urefu wa kiberiti. Wakati huohuo Kidoti akalia pale mkekani, kilio kikali cha mtu aliyechomwa. Nilidhani ni siafu. Nilimbembeleza, nikarudi, nikaupaka ule mstari dawa ya kung'arishia taratibu mpaka ukafifia.

Nilipomwogesha jioni, alikuwa na mkwaruzo mwekundu begani. Urefu wa kiberiti.

Na yale mafiga yake sikuyaona.

Nililaumu taa. Balbu ya jikoni ilikuwa dhaifu, na mtoto alikuwa anatapatapa na povu. Nikamfuta, nikamvisha.

Halafu nikasikia kitu kilichonifanya nisahau yote. Nilisikia kimya. Mume wangu alikuwa amelala chali, anapumua, na hakohoi. Nilikaa kitandani nikisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka, safi, kama mtu wa miaka ishirini. Nililia kwa furaha. Niliziba mdomo nisimwamshe.

Mjinga mimi. Nilishukuru.

* * *

Siku ya pili nilifanya paa na milango.

Gari lilianza kunukia. Mwanzoni nilidhani ni sabuni. Nikaweka pua karibu na mlango wa nyuma, nikavuta. Yalikuwa maziwa. Maziwa, na jasho la shingo ya mtoto akiwa amelala, ile harufu mama hawezi kuikosea hata gizani. Vioo vilikuwa vyeusi. Niliweka mikono pembeni mwa macho nichungulie ndani.

Niliona uso wangu tu.

Mume wangu alikuwa anapiga mluzi. Mtu ambaye wiki iliyopita hakuweza kupuliza kijiko cha uji! Alikula sahani mbili, akamtania jirani fundi wa mageti ng'ambo ya ukuta. "We mzee, mashine yako inatuletea riziki, endelea kutuchafua!" Na yule mzee akajibu, "Leo umekula nini, mbona umefufuka?" Wakacheka wote wawili.

Nilipomaliza mlango wa mwisho nilimwendea Kidoti. Nikampigia makofi kama kawaida, mikono wazi. Kwa kawaida huja akijikwaa, anasema, "Mama, majiii," hata kama hana kiu, maana hayo ndiyo maneno yake mawili makubwa.

Hakuja.

Alinitazama vile mtoto anavyomtazama mgeni aliyeketi sebuleni. Bila woga, bila furaha. Nikampa titi. Akaligeuzia uso. Maziwa yalinidondokea kwenye gauni na yeye anatazama ukuta.

Jikoni niliwasha taa na mshumaa pia. Nikamgeuza. Mgongo wake ulikuwa safi, mweusi, laini. Umebaki mstari mdogo wa alama kiunoni tu, kama ule uliobaki kwenye buti la gari.

"Baba Kidoti… alama za mtoto zimekwenda wapi?"

Alikuwa mlangoni. Sikujua alisimama hapo tangu lini.

"Watoto hubadilika ngozi," akasema. Akazima mshumaa kwa pumzi moja.

* * *

Siku ya tatu, mchana, ndipo Cherehani alipokuja. Ni dada yake mume wangu, ana watoto pacha, anashona sketi za shule nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akiingia huwa ameanza kuongea tangu barabarani. Siku hiyo aliingia kimya kwa mlango wa jikoni, akashika ukuta.

"Wifi. Lile gari umebakiza kiasi gani?"

"Buti tu."

Akajiuma mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka yupo?"

"Ameenda kununua rangi."

"Basi nisikilize na usinikatishe, maana nikinyamaza sitaweza tena." Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Mwezi uliopita kaka alikuja kwangu. Alisema kuna mtu anaweza kumtoa kikohozi. Huyo mtu hataki hela. Anataka… anaishi na mke ambaye hazai, sijui kama ni mke, sijui ni nini. Wanataka mtoto atengenezwe kwa mtoto mwingine. Alama zake zinahamishwa kupitia lile gari. Kinachobaki kwako ni mwili tu, unakula na kulala mpaka siku unazimika."

Nilimvuta Kidoti karibu.

"Lazima azifute mama mwenyewe. Aliyemzaa. Mkono mwingine hauzitoi bila kuharibu. Aliniomba mimi kwanza, wifi. Aliniomba mmoja wa pacha wangu! Alisema, wewe unao wawili. Nikamfukuza na mkasi."

"Mwezi mzima," nikasema.

"Wifi…"

"Mwezi mzima umekuja hapa, umekula hapa, umembeba mwanangu."

Alianza kulia bila sauti. "Nilidhani ameacha. Ni kaka yangu, nilidhani hataweza kumfanyia wake. Jana nilimsikia anapiga mluzi. Ndipo nikajua."

Nilitamani kumpiga. Badala yake nilimuuliza lile lililokuwa muhimu.

"Nikilivunja gari kwa jiwe?"

Alimtazama Kidoti, ule mkwaruzo begani. Nami nikakumbuka mchanga, mstari, na kilio. Ile rangi nyeupe niliyokuwa naipapasa siku mbili, nikiogopa kuiumiza…

Ilikuwa ngozi ya mwanangu.

"Nisipomaliza?"

"Atamaliza mwenye gari mwenyewe," Cherehani akanong'ona. "Kaka alisema. Ila yeye hana udongo laini, wifi. Yeye anatumia msasa."

* * *

Aliondoka kabla kaka yake hajarudi. Nilikaa na Kidoti mapajani. Nilimfunua nikamtazama sehemu zote, taratibu, kama ninavyotazama gari linapokuja. Mgongo. Kiuno. Mikono. Nikakunja sikio la kulia.

Mbegu ya mchicha ilikuwepo.

Nilisimama nikaenda kwenye gari. Kama mafiga ya begani yalikuwa kwenye boneti kushoto, na ya kiunoni yako kwenye buti, basi ya nyuma ya sikio itakuwa kulia, kwenye mkunjo, mahali maji hayafiki. Nikafungua mlango wa nyuma wa kulia. Ulifunguka bila sauti, na harufu ya maziwa ikanipiga usoni. Kiti kilikuwa kitupu. Nikabana raba ya mlango kwa vidole viwili, nikaivuta pembeni.

Kidoa. Kidogo mno. Usingeweza kukiona kama hujui unatafuta nini.

Baba yake asingejua. Hajawahi kumwogesha hata siku moja.

Nikairudisha raba mahali pake, nikaikandamiza ikae kama ilivyokaa, nikafunga mlango.

Mume wangu aliingia getini na makopo yake. "Bado buti?" akauliza.

"Bado."

"Mimi nitakaa hapa nikuangalie."

Alivuta kiti. Nikaanza. Maji, sabuni, udongo. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Kila doa nililolifuta nilijua ninachofuta. Niliutelezesha udongo kwa upole kuliko kwenye gari lolote maishani mwangu, ili asiumie. Kidoti alikuwa mkekani. Sikuthubutu kumtazama. Nilimsikia tu: vifuniko vya chupa viligongana… vikagongana… vikanyamaza.

Nikapaka nta. Nikafuta. Gari liling'aa kama yai.

"Kazi nzuri," mume wangu akasema. Sauti nzito, kifua kizima. "Nilijua mkono wako hauna mfano."

Hicho ndicho alichoniambia. Amenioa miaka minne na hakuwahi kunisifia kazi.

Yule mtu alikuwa tayari uwanjani. Geti halikulia. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka machoni, mikono imekunjwa kifuani kama amebeba mtoto. Hakubeba kitu. Alipita mbele yangu, akaingia kiti cha nyuma. Nilimwomba Mungu asikae upande wa kulia.

Akakaa upande wa kulia.

Yule mtu akalizunguka gari akipitisha ukucha. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba. Boneti. Paa. Mlango wa kushoto. Buti. Sauti yake ilikuwa ndogo, sss, kama kitambaa kinachochanika mbali. Pale mkekani mwanangu alitetemeka kila ukucha ulipopita, na hakulia.

Akafika mlango wa nyuma wa kulia. Akasimama. Ukucha ukashuka mpaka kwenye raba.

"Zote?" akaniuliza.

"Zote."

"Na shahidi?"

Sio yeye aliyeuliza. Alikuwa mume wangu.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama fundi anayemkumbusha fundi mwenzake. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuwa na aibu. Alikuwa na haraka tu.

"Mama Kidoti, shahidi umemfuta?"

"Bado. Nilikuwa namsubiri mwenye gari aridhike," nikasema. "Ndivyo ulivyonifundisha."

"Ameridhika. Mfute."

Nikaenda kwenye kifuniko cha tangi. Nikabandua tepe. Walikuwa wamenisogelea wote wawili, mmoja kila bega, na kutoka kwa yule mtu sikusikia pumzi. Nikaweka tone la sabuni. Nikapitisha udongo mara moja. Mara mbili. Likatoka.

Kidoti alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini.

Na ndani ya gari, nyuma ya kioo cheusi, sauti ikasema:

"Mama, majiii."

Ilikuwa yeye. Hivyohivyo anavyovuta neno la mwisho. Miguu yangu ilienda yenyewe hatua mbili, mume wangu akanidaka mkono, akanibana mpaka mfupa.

"Tulia," akaninong'oneza. "Tulia, imeisha."

Yule mtu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Hakurudi tena kwenye raba. Alikuwa amesahau mlango. Furaha ilimsahaulisha, nadhani. Hata wao wanaweza kusahau.

Gari likatoka kama lilivyoingia.

* * *

Alfajiri mume wangu alikohoa.

Mara moja tu. Kikohozi kidogo, kikavu.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimemkumbatia Kidoti, kidole changu nyuma ya sikio lake usiku kucha, juu ya ile mbegu. Kitanda kililia. Mume wangu aliketi. Akangoja. Akakohoa tena.

"Uliacha wapi?"

"Sikuacha."

"Mama Kidoti." Akanishika bega. "Niambie uliacha wapi. Mimi nakufa."

"Najua."

"Mtoto tungepata mwingine!"

Alisema hivyo. Nimejaribu kulisahau neno hilo, nimejaribu kusema ilikuwa hofu, mtu akiogopa kufa anasema lolote. Lakini alilisema kama mtu anayelalamika kwa jambo dogo, na anashangaa kwa nini humwelewi.

Alichukua simu akatoka uwanjani. Nikamsikia anakanyaga tope, anangojea mtu apokee. Nikamfunga Kidoti mgongoni kwa khanga. Nikachukua ndoo yangu, taulo, chupa ya sabuni na udongo. Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Cherehani alikuwa dirishani kwake, taa imewashwa, kitambaa kiko chini ya sindano na cherehani haiendi. Aliinua mkono. Sikuinua wangu.

Nilitembea mpaka kando ya barabara kuu, kwenye ule uwanja wanakoosha magari. Jua lilikuwa linachomoza. Msimamizi alikuwa anafungua mipira ya maji, mzee mwenye kofia ya sufi.

"Mama, umepotea?"

"Natafuta kazi."

"Na mtoto mgongoni? Unajua nini?"

Sikuwahi kumtazama mwanamume mgeni machoni. Asubuhi ile nilimtazama.

"Najua kutoa kutu kwenye rangi bila kuiumiza."

Alicheka. "Wateja wa hivyo hawaji hapa. Hapa ni tope tu."

"Magari meupe yanakuja?"

"Meupe ndiyo mengi. Jeupe halikai siku tatu bila kuoshwa."

"Basi nipe meupe tu."

Akaniangalia sana, halafu akanionyesha la kwanza, lilikuwa limeshaegeshwa. Niliweka ndoo chini. Ndipo Kidoti akalia. Kilio chake cha kwanza tangu jana. Nilimshusha nikamfunua: kwenye paja palikuwa na mstari mwekundu, mrefu, mbichi, kama gari limepita njia nyembamba na tawi la mti likaburuza mlangoni.

Lile gari bado linatembea, basi. Mahali fulani.

Nilimpuliza ule mstari. Nikakunja sikio lake, nikatazama, nikamfunga tena mgongoni. Alitulia. Hakuniita mama, lakini aliweka shavu lake shingoni kwangu, na hilo lilinitosha kwa asubuhi moja. Nikafungua mlango wa nyuma wa kulia wa lile gari jeupe, nikabana raba kwa vidole viwili, nikaivuta pembeni.

Safi.

"Leta lingine," nikamwambia mzee.